Koti la Mwenyekiti Opicho

Triza Ayuma alikuwa na vitu viwili ambavyo ukivigusa umejitafutia siku mbaya: akala zake, na nafasi yake karibu na jeneza.

Akala, viatu vya tairi, alizishonewa Kariokor, kwa fundi Mativo, na akatembea nazo kutoka Shauri Moyo hadi soko la Gikomba kila alfajiri kuchukua kunde na mrenda wa kuuza mlangoni pake. Nafasi hakushonewa na mtu. Aliipata mwaka ule mume wake Wekulo, mtu wa reli, alipofariki. Basi lilipotoka Nairobi na maiti, Triza akaanza kuimba, na hakunyamaza mpaka Kakamega. Wanawake walioketi nyuma walijaribu kumpokea, wakachoka mmoja mmoja, wakalala na midomo wazi. Yeye aliimba. Waliporudi wakasema, huyu ndiye atakayetusindikizia watu wetu. Tangu hapo, maiti yoyote iliyotoka katika nyumba za kanjo, baraza la jiji, pale Shauri Moyo, ya Mjaluo au ya Mluhya, ilikuwa na Triza ubavuni, mkono mmoja juu ya jeneza kama mtu anayemtuliza mtoto.

Kusoma hakujua. Alikwenda ngumbaru majuma mawili, akajifunza kuandika jina lake, herufi ya Z ikiangalia nyuma. Halafu mwalimu, msichana mdogo wa juzi tu, akamwambia, "Mwanafunzi Triza, wewe ni mzembe." Triza akasimama, akakunja daftari, akamwambia, "Mimi nimelea watoto sita kwa mrenda. Wewe umelea nini?" Akaenda zake, na Z yake ikabaki hivyo hivyo.

Sasa, watu wa mistari ile minne ya nyumba, milango sitini na minne, walikuwa na chama chao, Umoja wa Kusindikizana. Kazi yake ilikuwa moja: mtu akifa Nairobi, afike kwao azikwe. Na chama kilikuwa na desturi yake. Kifo hakibandikwi ukutani, wala hakitumiwi mtu. Mwenyekiti mwenyewe hutembea mlango hadi mlango, anagonga mara tatu, polepole. Watu wakisikia lile pigo la tatu wanajua. Wanaweka kijiko chini kabla hajasema neno.

Mwenyekiti alikuwa Javan Opicho, karani wa kanjo. Mtu wa kifua mbele. Alivaa koti jeusi la ngozi hata jua la Februari, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi, na alizungumza kama anayesoma taarifa ya habari. Hakuweza kusema "mvua inanyesha." Alisema "hali ya mvua imejitokeza." Lakini haki yake apewe: mambo ya mochari aliyajua. Alijua dirisha gani, saa ngapi, mhuri upi, na karani gani hawezi kuongea kabla ya chai. Kwa hiyo watu walimvumilia pamoja na koti lake.

Mwaka wa tisini na mbili, ule wa vyama vingi, Opicho alipatwa na homa ya udiwani. Alipiga picha, akachapisha makaratasi, uso wake ukajaa kwenye nguzo za taa kuliko nzi. Mwezi wa kumi, katikati ya homa hiyo, akafa Okoth, mtu wa godauni la sabuni, jirani ya Triza ukuta kwa ukuta. Mkewe Phelister alikuwa rafiki wa Triza tangu wakiwa na meno yote.

Siku ya Ijumaa asubuhi basi likaondoka. Triza ubavuni mwa jeneza, Phelister kando yake, mwenyekiti kiti cha mbele na kibali cha mazishi mfukoni. Walipofika Nakuru wakasimama kunywa chai. Hapo hapo ukapita msafara wa mheshimiwa fulani, magari yanang'aa, na dirisha moja likashuka. Mkono ukaita. Opicho akakimbia, koti linapepea kama masikio ya mbuzi.

"Nyinyi tangulieni!" akapaza sauti akiwa tayari ameingiza mguu garini. "Nitawapata Kericho!"

Hakuwapata Kericho. Hakuwapata popote. Mbele kidogo askari wa barabarani walisimamisha basi, wakauliza kibali cha mazishi. Watu wakatazamana. Kibali kilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa linakula chakula cha mchana na mheshimiwa.

Walikaa pale siku nzima na nusu ya siku ya pili, mpaka katibu Sylvance aliporudi Nairobi kwa gari la mboga na kuleta karatasi nyingine. Okoth alikaa juani. Huko kwao, kaburi lilikuwa limechimbwa na mvua ikanyesha ndani yake. Waombolezaji walikula wakamaliza, wakangoja, wakatawanyika. Alizikwa Jumatatu na watu wachache na matope mengi.

Nairobi nako Opicho alifika kabla ya basi. Na alijua kwamba watu wakirudi watauliza. Basi akafanya jambo ambalo mwenyekiti mwingine hangelifikiria: akaitumia ile desturi. Akapita mlango hadi mlango, yote sitini na minne, mabega chini, sauti ya msiba.

"Karatasi nilimpa Mama Triza mkononi," alisema kwa kila aliyefungua. "Mimi mwenyewe. Simlaumu. Hajui kusoma, maskini. Nasikia alifungia ugoro."

Uongo huo ulikuwa umepimwa kama suti. Triza alivuta ugoro, kila mtu alijua. Na mwaka mmoja alikuwa kweli amefungia ugoro karatasi ya ratiba ya kanisa, na mhubiri akakosa kujua nani anaombea sadaka. Watu walicheka siku ile. Sasa hawakucheka. Waliamini.

Triza aliporudi alikuta Shauri Moyo imegeuka. Aliyekuwa akinunua kunde kwake alivuka barabara kununua zilizonyauka. Phelister alipita mlangoni pake akitazama mbele kama askari wa gwaride.

"Phelister, mimi sikupewa kitu," Triza alimwambia siku moja kwenye mfereji.

"Ulikuwa umekaa karibu na mimi, Mama," Phelister akajibu, ndoo kichwani. "Na unavuta ugoro karibu na mimi. Niache."

Alipokufa mtu mwingine, mwezi wa kumi na mbili, nafasi ya ubavuni mwa jeneza alipewa mwanamke mwingine, mwenye sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Triza alisimama kando ya barabara kutazama basi likiondoka bila yeye. Hakulia. Alitema mate, akaingia ndani, akafunga mlango. Lakini usiku na mchana alikuwa akijiuliza jambo moja: nikifa mimi, nani atakaa nami njiani? Hawa? Hawa wataniimbia mimi, mwizi wa karatasi ya Okoth?

Opicho naye alianguka uchaguzi. Kura alizopata hazikutosha kujaza basi. Tena siku ya kuhesabu, akijaribu kupenya kwenye umati wa mlangoni, koti likachanika kwapani mpaka kiunoni. Januari akalipeleka Kariokor.

Juma hilo hilo ukanda wa akala ya Triza ulikatika. Akaenda kwa Mativo, akaketi juu ya tairi kuukuu, mguu mmoja mtupu. Mativo alikuwa na koti jeusi mapajani, amelipasua bitana, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, wewe si ni wa Shauri Moyo?" Mativo akasema. "Unamjua mtu anaitwa Okoth?"

"Okoth wamejaa huko kama kunguni. Okoth yupi?"

Mativo akainua karatasi kwenye mwanga. "Okoth Omolo. Mwanamume. Miaka arobaini na minane. Hii ni ya mazishi, Mama. Mhuri wa mochari huu hapa."

Triza aliutazama ule mhuri wa zambarau. Kusoma hakujua, lakini mhuri ule aliuona mochari siku ile mwenyekiti akiipunga karatasi hewani ukauke.

"Umeitoa wapi?"

"Ndani ya bitana. Mfuko ulitoboka, ikateremka mpaka huku chini kwenye pindo. Mwenyewe pengine hata hajui iko humu."

"Kwamba iko humo hajui," Triza akasema polepole. "Kwamba hakunipa mimi, anajua."

Mativo hakuelewa, na Triza hakumweleza. Akasugua mguu wake mtupu. Kisha akasema, "Irudishe."

"Nimrudishie mwenyewe?"

"Irudishe ndani ya koti. Palepale kwenye pindo. Nikiibeba mimi kwenda nayo nyumbani watasema, si mnaona, alikuwa nayo. Na ushone kwa uzi mweupe."

"Mama! Koti jeusi, uzi mweupe?"

"Mwambie mweusi umeisha."

Mativo alimtazama, akatazama koti, akacheka peke yake. Akatafuta uzi mweupe.

Jumapili iliyofuata Umoja ulikutana uani, chini ya kamba za nguo, kama kawaida. Opicho alikuja na koti lake lililofufuka, ule uzi mweupe ukimeta pindoni kama meno. Alisimama akasema kwamba hali ya mwaka mpya imejitokeza, na kwamba kama wanachama wanaona inafaa, wampigie makofi kwa utumishi wake.

Triza akainuka. Watu wakanung'unika.

"Sitasema maneno mengi," akasema. "Nataka mwenyekiti avue koti."

"Mama Triza, hali ya nidhamu..."

"Vua koti, Javan. Kuna joto."

Kulikuwa na joto kweli, na watu wakacheka. Opicho hakuwa na sababu ya kukataa, na sababu hiyo aliitafuta usoni mwa kila mtu. Akavua. Triza hakuligusa. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, makusudi, kila mtu aione.

"Sylvance, wewe ni katibu, una wembe wa kuchongea penseli. Kata huo uzi mweupe."

Sylvance akakata. Akaingiza vidole viwili, akavuta karatasi, akaikunjua, akasoma kimoyomoyo. Midomo yake ikaacha kutembea.

"Soma kwa sauti," Triza akasema. "Wengine hapa hatujui kusoma, maskini."

Sylvance akasoma. Alipofika kwenye jina, Phelister aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akasimama, akaketi tena, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Lazima isemwe jinsi Opicho alivyojitetea, maana wengine walilipa nauli kutoka Mathare baadaye kuja kuhadithiwa. Alisema: "Ndugu zangu, ilitokea hali ya kutoelewana baina ya mfuko na karatasi." Akasema shetani ana mbinu nyingi. Akasema jambo la muhimu sasa ni kusonga mbele. Akasema atatoa mbuzi, na soda kreti mbili, ili umoja urejee.

"Mbuzi hakusema uongo," Triza akamkata. "Mwache mbuzi ale majani yake."

Watu wakapiga kelele afukuzwe. Afukuzwe leo, afukuzwe sasa! Sylvance akainua mkono. "Sawa. Nani atakwenda mochari mtu akifa kesho? Anayejua lile dirisha anyooshe kidole."

Ua wote ukatazama viatu. Watu walikuwa na hasira ya kumfukuza mtu, ila ya kuamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni na maiti, hapana.

"Basi abaki," Triza akasema.

"Mama!" Phelister akasema.

"Abaki, lakini hasafishwi na makofi, wala mchuzi wa mbuzi. Uongo aliutembeza kwa miguu, mlango kwa mlango. Atautembeza kurudi. Milango yote, kuanzia ule wa kwanza. Na koti aliache nyumbani. Mimi nitasimama nyuma yake nisikie."

Jumatatu jioni, alipotoka kazini, Opicho akaanza. Bila koti alikuwa mtu mwembamba, mabega kama ya henga ya nguo. Akagonga mlango wa kwanza mara tatu. Mwenye nyumba akafungua akiwa tayari ameshika kichwa. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kuhusu hali ya..."

"Rudia," Triza akasema kutoka nyuma.

"Nimekuja kuhusu kutoelewana kulikotokea..."

"Rudia. Kutoelewana hakuna miguu, hakungeweza kufika hapa. Nani alikuja hapa?"

"Mimi nilikuja."

"Ukasema nini?"

"Nikasema... karatasi nilimpa Mama Triza."

"Ulinipa?"

"Sikumpa. Nilikwenda nayo. Nilisema uongo."

"Mlango wa pili," Triza akasema.

Jioni ya kwanza alimaliza milango kumi na mmoja tu, maana alirudia sana. Jioni ya pili akashika lugha. Kufikia mlango wa thelathini alikuwa anasema maneno matatu: "Nilisema uongo. Mimi." Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha kinywani mwake. Mwanamke mmoja alimfungia mlango usoni, akagonga tena, akasemea tundu la ufunguo. Kijana mmoja akamwuliza kama anatafuta kura. Na Mzee Shiundu, aliyekuwa kiziwi wa sikio moja na mjanja wa lile jingine, akaweka kiganja sikioni.

"Ati nani alisema uongo?"

"Mimi, Mzee."

"Nani?"

"Mimi!"

"Jina!"

"Mimi Opicho! Opicho ndiye aliyesema uongo!"

Milango ikafunguka mstari mzima. Mzee Shiundu akamtazama Triza, akakonyeza. "Sasa nimesikia," akasema. "Hata wale wa Kamukunji wamesikia."

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Phelister. Opicho alisimama mbele yake muda mrefu kabla ya kugonga. Triza hakumharakisha.

Phelister alifungua, akasikiliza yale maneno matatu, hakutikisika. Kisha akauliza, sauti ya chini, "Siku ile Nakuru. Kaburi la mume wangu likijaa maji. Wewe ulikuwa unakula nini?"

Opicho akafungua mdomo. Triza alikwishavuta pumzi aseme "rudia."

"Kuku," Opicho akasema.

"Wa kuchoma au wa mchuzi?"

"Wa kuchoma."

Phelister akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji. "Hilo ndilo neno la kwanza umenijibu tangu Okoth afe," akasema. Hakusema amesamehe. Alisogea kando ya mlango. "Mama Triza, ingia, uji uko motoni."

Triza akaingia. Mlango ukafungwa, na mwenyekiti akabaki nje na milango yake sitini na minne.

Mwezi wa sita Mzee Shiundu akafa. Triza alikuwa anachambua mrenda aliposikia mlango ukigongwa mara tatu, polepole. Akaweka ungo chini. Opicho alikuwa amesimama pale, nyuma yake Sylvance na Phelister.

"Mama. Ni Mzee Shiundu."

Triza akainamisha kichwa kwa ajili ya mzee. Kisha akauliza, "Na hawa umewaleta wa nini?"

"Wa kushuhudia." Akatoa kibali, akakishika kwa mikono miwili. "Nimekuja kukupa mkononi. Kweli kweli safari hii."

"Soma kwanza."

Akasoma kuanzia juu mpaka kwenye mhuri, mpaka tarehe. Triza akakipokea, akakifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili, akaipeleka leso kifuani. "Tangu leo," akasema, "karatasi za maiti zitakaa na asiyejua kusoma. Huyo mheshimiwa hamwiti dirishani."

Basi lilipoondoka, Triza alikuwa ubavuni mwa jeneza, mkono juu, Phelister kando yake. Yule mwenye sauti ya bawaba alipelekwa nyuma. Opicho akaketi kwenye benchi la kati, macho mbele. Walipofika Nakuru wakasimama kunywa chai, na watu wote ndani ya basi, kama waliokubaliana, wakageuka kumtazama.

Opicho akainuka. "Mama, naomba kwenda haja ndogo."

"Nenda. Acha koti."

Akaacha koti. Alirudi upesi sana, hata mikono hajaipangusa.

Mbele kidogo askari wakasimamisha basi. Mmoja akaingia na fimbo kwapani. "Mkubwa wenu hapa nani?"

"Mwenyekiti ni mimi, afande," Opicho akasema. "Lakini karatasi iko kwa mama."

Triza hakuwa na haraka. Akatoa leso, akafungua fundo la kwanza, akapumzika, akafungua la pili. Askari akasoma, akamtazama bibi huyu na akala zake.

"Mama, unajua hii inasema nini?"

"Inasema Shiundu. Umemaliza? Irudishe hapa kwangu. Hapa. Si kwake."

Basi likaondoka, na Triza akaanzisha wimbo. Wanawake wakaitikia. Baada ya kilima kimoja au viwili sauti ya mwanamume ikaingia, nzito, inachelewa kila mstari. Ilikuwa ya Opicho. Phelister akakunja uso, akamgusa Triza kiwiko amnyamazishe.

Triza alimwacha aitikie. Ubeti ulipokwisha akatoa ugoro wake, akaufungua taratibu juu ya goti. Ulikuwa umefungwa kwenye karatasi ya kampeni, ile ya mwaka uliopita, uso wa Opicho ukitabasamu na mkunjo umempitia puani. Mwenyekiti aliiona. Triza aliona kwamba ameiona. Akavuta upande wa kulia, akavuta upande wa kushoto, akaikunja tena vizuri, maana karatasi za namna ile alikuwa nazo nyingi, akaanza ubeti wa pili.